Jezi Namba Sita

Zilirudi kumi na nane mezani kwangu
ndani ya kiroba cha mchele, baada ya mechi ya pili,
na kabla sijauliza matokeo nilikwisha kuyasoma.

Kola ikichanika mbele, mtu kakamatwa anakimbia.
Ikichanika nyuma, aliyemkamata alikuwa ameshaachwa.
Kwapa likiachia, mikono ilikuwa juu, inadaka.
Lakini hii, namba sita,
imepasuliwa kifuani, shingo hadi kitovu,
na mpira, wanasema, ulikuwa upande wa pili wa uwanja.

Mchezo tuliutunga wenyewe.
Kalemie wana wao wa kubeba na kukumbana,
Kigoma tuna wetu wa miguu.
Wajumbe wakakaa Kibirizi, wakala migebuka,
wakachanganya: hatua nne mkononi,
ya tano upige teke au umpe mwenzio.
Kukamata ruhusa, bega hadi kiuno.
Kanuni zikaandikwa kwa kalamu za rangi mbili
na hakuna aliyeandika kukamata ni nini.

Nami nikaambiwa: fundi, tushonee chotara.
Nusu buluu, nusu njano, mshono mmoja katikati.
Nikaupitisha mara tatu,
nikijua hapo ndipo patakapovutwa.
Haukuachia hata mmoja.
Nguo zilichanika pembeni yake.

Bitaliho wetu kavunjwa taya, anakunywa uji kwa mrija.
Mulongo wao, aliyemvunja,
alibebwa akiuliza leo siku gani.
Refa, mtu wa Rumonge, alipuliza hadi filimbi ikajaa mate,
akaitia mfukoni, akaenda kukaa na watazamaji.
Watazamaji tulikuwa tunashangilia.
Mimi pia. Sijitoi.

Jumatatu, barua yenye mihuri miwili:
kwa ajili ya ukatili uwanjani, mfululizo umefutwa.
Umefutwa, kama hesabu ubaoni.
Mechi ya tatu, ile ya ng'ambo, haipo,
na huko nyasi zimeshafyekwa,
na kuna mama ameshanunua unga wa wageni.
Deni langu nalo, mweka hazina anasema,
lilikuwa la mfululizo.

Mtaani wanasema Mulongo ndiye aliyeanza.
Namba sita ni yake. Waliisahau wakivuka usiku ule.
Nimeweka kidole kwenye mpasuko, nikaufuata:
ulianzia kushoto, ukashuka, ukapinda.
Mkono wa mtu anayetumia mashoto.
Bitaliho anatumia mashoto.
Nimemshonea sare tangu darasa la kwanza,
kila mwaka kiwiko kile kile.

Sijamwambia mtu.

Nimeifua kwa sabuni ya mawese, nikaanika, nikafua tena.
Doa limebaki, rangi ya chai ya maziwa.
Kifua nimekishona kwa mkono, si kwa cherehani,
nikaikunja, nikaibana karatasi kwa pini:
Mulongo, Kalemie.
Imeshonwa. Elfu mbili, ukija.