Taulo Kumi na Nane

Saa nane za usiku unaamka,
unavaa ndara, unapapasa ukuta,
unatafuta swichi ya nyumba nyingine.
Mlango wangu unasukumwa polepole.
Mkono wako unapita chini ya bega langu,
tayari kunigeuza ubavu,
kisha unakumbuka: mimi si Bibi Addolorata,
sina vidonda vya kitanda,
nina miaka ishirini na mmoja.
"Lala," unaniambia,
kwa Kitaliano.

Uliondoka Chiatura nikiwa na kumi.
Tangu hapo basi dogo la Ijumaa ndilo lililonilea:
lilishusha maboksi, kahawa, sabuni ya unga,
na viatu vilivyonibana kila mwaka,
maana ulinunulia mguu uliouacha.

Leo umefungua kabati la juu.
Taulo kumi na nane, zote ndani ya nailoni zao.
Vikombe vya rangi ya limau visivyoijua chai.
Blanketi, na lebo yake,
ambalo baba hakulikunjua hata Januari;
alijifunika koti la mgodini, jeusi kwa vumbi la manganizi.
"Kwa nini hamkuvitumia?"
Baba akatazama dirishani,
kule kigari kinakoning'inia kwenye waya
juu ya mto Kvirila.
"Tulikuwa tunakungoja, Tsiala."

Ukakaa sakafuni ukazihesabu:
hii, Pasaka ile ya homa.
Hii, niliuza siku yangu ya mapumziko.
Hii,
alikufa mama yangu sikuja kuzika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe siku ya arobaini bado tunakuvutia kiti,
na wewe bado unaomba ruhusa kufungua friji
uliyoinunua mwenyewe.
Unauliza chumvi inakaa wapi.
Jirani Natela anasema umependeza, umeng'aa,
halafu anauliza kule wanalipa shilingi ngapi
kumwosha mzee wa watu.

Nikuambie kitu?
"Mama" kwangu ni neno la simu.
Lina mwangwi, linakatikakatika,
linafuatwa na "unanisikia?"
Ukiwa hapa, mikono inanuka kitunguu,
pumzi yako karibu hivi,
nalitafuta mdomoni, silioni.

Jioni nimechana nailoni moja.
Nimeosha nywele, nimejifuta,
na taulo lako, la mwaka gani sijui,
halikaushi; linayasukuma maji tu
huku na huko.
Umecheka. Mara ya kwanza tangu urudi.
"Jipya halinywi maji," umesema,
"mpaka lifuliwe mara tatu, nne."
Ukalichukua, ukaenda nalo kwenye beseni.

Sasa ni saa nane. Nasikia ndara.
Sijalala.
Nalegeza shingo, nalegeza mabega,
najifanya mzito
kama kikongwe wa Bari,
ili leo, ukifika,
unigeuze.