Dirisha la Tatu

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, mlango wa bwalo,
juu ya orodha ya wanaodaiwa ada:
Toa taarifa. Jina lako halitaulizwa.
Utapewa namba. Zawadi, shilingi laki mbili.
Wa kwanza kulisoma alicheka.
Wa pili alichora chini yake, kwa kalamu nyekundu,
mdomo mkubwa wenye meno
na neno moja: MNOKO.

Tulikuwa tumeibiwa kompyuta tisa tangu masika.
Ya Aikande ilikwenda na utafiti wake wote,
miezi saba ya kupima maji ya Mto Karanga
chupa kwa chupa, viatu vimelowa.
Siku tatu alikuja darasani na kitenge kilekile.

Na Lomayani wa getini, aliyekuwa zamu usiku ule,
walimpeleka kituoni bila mkanda.
Nilimwona akipanda gari, mkono mmoja umeshika suruali,
wa pili unatupungia
kama mtu anayekwenda sokoni.

Mimi nilijua.
Nilijua tangu saa tisa za usiku,
nilipotoka kwenda msalani
nikamwona Mbonea kwenye ngazi, na mfuko wa nguo chafu
wenye pembe nne.
Nguo hazina pembe.

Mbonea, fundi wetu wa chumba namba kumi na mbili:
pasi, chaja, redio, saa za mikononi.
Ukimpa hela anasema, "Weka, utanunulia vitumbua."
Simu yangu ilipobingirika ngazi za maktaba
aliibandikia kioo kipya,
akakipuliza vumbi,
akakifuta kwa shati lake.

Ndicho kioo nilichokibonyeza.

Herufi zilitii, hata moja haikukwama.
Kazi safi.
Nikatuma. Ikajibu:
Asante. Wewe ni 0417.

Kikulacho ki nguoni mwako, tumefundishwa.
Hatukufundishwa namna ya kusimama
baada ya kuivua nguo.

Walimkuta na tatu. Sita zilishafika Kiboriloni,
na kutoka Kiboriloni hakuna ajuaye.
Ya Aikande ilikuwa miongoni mwa sita.

Alhamisi mama yake alishuka kutoka milima ya Same
na nusu gunia ya tangawizi. "Ya walimu," alisema,
labda watalegea.
Akanikuta mimi kwanza.
Akauliza ilipo ofisi ya mshauri wa wanafunzi,
nikampokea mzigo.
Njiani akataka kujua kama namfahamu mwanawe.
Alinitengenezea simu, nikasema.
Uso wake wote ukafunguka:
"Huyo! Huyo ndiye! Tangu mdogo, mikono haitulii."

Lomayani amerudi getini, ana mkanda mpya.
Jioni tunakunywa naye chai ya maziwa, anatuambia:
"Mtu anayemuuza mwenzake kwa laki mbili,
mimi hata mbwa simwachii anitunzie."
Tunacheka.
Mimi nacheka pia, nachelewa kidogo.

Sasa kuna karatasi nyingine mlangoni pa bwalo:
NAMBA 0417 AFIKE DIRISHA LA TATU.
Wino unavuja kwa manyunyu ya Juni,
sifuri imekuwa yai, saba imekuwa bakora.
Laki mbili ni kodi ya miezi minne kule Pasua.
Ni nusu ya kompyuta ya mtumba, Aikande akikubali,
na atauliza imetoka wapi.
Ni nauli ya mama mmoja, Same mpaka gereza la Karanga,
Jumapili nyingi sana.
Nimezipiga hesabu hizi usiku, zote zinatoka sawasawa,
hakuna iliyokubali kulala.

Nimepita pale mara kumi na moja.
Mhasibu huinua macho, ananitazama
anavyomtazama kila mtu, mhuri mkononi.

Dirishani kwangu pana kipande cha tangawizi,
ahsante ya kubeba gunia.
Sijakipika. Sijakitupa.
Wiki hii kimechipua,
kidole cha kijani, kimepinda,
kinaelekea kwenye mwanga.