Wageni wa Januari

Kaka yangu Candia alipiga simu toka Tromsø:
"Tunakuja na mtoto. Mtamfurahisha na nini?"
Nikamjibu, "Njooni tu." Kisha nikakaa kitako, nikaogopa.

Kwa maana Arua, mwezi huo, ukweli ni huu:
upepo hushuka toka Sudani na vumbi mdomoni,
shuka unaianika nyeupe, unaianua rangi ya chai,
midomo inapasuka, mafuta ya shea hayatoshi,
na Mto Enyau umekonda hata mbuzi anauruka.

Nikaandika ratiba nyuma ya daftari la Munduru.
Jumatatu: bwawa la hoteli, kuogelea.
Jumatatu bwawa lilikuwa kavu kama kaukau,
mlinzi kalala ndani yake, upande wa kivuli.
Jumanne: filamu. Umeme ukakatika
shujaa hajapata hata jina.
Jumatano sikuandika kitu,
na Jumatano ndiyo tunayoicheka mpaka leo.

Ezama, mwanangu wa pili, aliyezaliwa na kovu tayari,
alichukua panga, akapasua dumu la njano
la lita ishirini (dumu langu, la maji ya kunywa)
likawa vigari viwili visivyo na gurudumu.
"Kwenu mnatelezaje?" akamwuliza binamu yake.
Ayikoru, miaka tisa, Kiswahili chake cha kuokoteza,
akaeleza kwa viganja: kilima. Weupe. Kukaa. Fyuuu.
Ezama akafikiri kidogo.
"Basi ni weupe tu ndio hatuna."

Nyuma ya ghala kuukuu la tumbaku upo mwamba
mpana, wenye mgongo wa kiboko.
Wakautandika nyasi kavu, wakapanda wawili wawili,
na kelele walizoshuka nazo
zilitoa watu kinyozi, nusu kichwa kimenyolewa.
Candia naye, mhandisi wa watu, miaka arobaini na mitatu,
akasema atajaribu mara moja, kwa ajili ya mtoto.
Alishuka kinyumenyume akimwita mama.
Alipanda tena mara sita. Suruali haikurudi nzima.

Usiku mama alikaanga karanga katika mchanga wa moto,
tukala enyasa na angara, kwete ikazunguka kwa wakubwa,
na jirani Afeku akaleta adungu lake lenye pengo:
uzi mmoja ulikatika tangu msiba wa mkewe,
hakuufunga mwingine. Kila wimbo ukifika hapo
unaruka kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi.
Hakuna aliyeuliza. Ayikoru alikuwa akiruka nao.

Saa kumi alfajiri nilisikia meno yakigongana mlangoni.
Msichana aliyezoea kutembea juu ya ziwa lililoganda
amesimama na shuka yangu ya rangi ya chai:
"Shangazi. Baridi."
Mama akacheka gizani mpaka akakohoa.
"Ya kwenu ina heshima," akasema, "inakaa nje.
Hii yetu inaingia bila hodi."
Nikamvisha koti la jeshi la marehemu baba,
lile lililotuletea Kiswahili nyumbani
pamoja na amri na harufu ya kiwi ya viatu.
Likamfika kwenye vidole. Akalala ndani yake
kama barua ndani ya bahasha kubwa mno.

Asubuhi nilimkuta mbele ya pikapu yangu,
kidole kikitembea juu ya kioo chenye vumbi:
duara kubwa, duara dogo, pua ya karoti, kofia.
"Huyu wangu," akasema, "hayeyuki."
Ezama akatazama mbingu, mtaalamu mzima.
"Subiri Aprili."

Wameondoka wiki ya tatu sasa.
Maji nabeba kwa sufuria, dumu jipya sijanunua.
Majirani wananiuliza hiyo pikapu nitaiosha lini,
mbona naendesha nikichungulia pembeni
kama mtu anayejificha na deni.
Nawaambia sabuni imepanda bei.