Msumari wa Muda

Mama alinipigia simu akicheka,
ndipo nikajua mambo si mazuri.
Alikuwa amefungiwa chumbani mwake tangu saa saba,
kishikio kinazunguka kama gurudumu
la baiskeli iliyopinduliwa,
hakishiki kitu.
Aligonga ukuta kwa kifuniko cha sufuria
hadi Mwikali wa nyumba ya pili
akaparamia dirisha, kanga ikararuka,
"na kanga yenyewe," akasema Mama, "si yake."

Jumamosi nikatoka Kitengela na bisibisi mbili na koleo.
Kaloleni ilikuwa imeanika nguo.
Mlango ule nilikuwa naujua:
unainua kidogo, kama umwinuavyo mtoto aliyelala,
unaegemeza bega la kulia,
unazungusha kushoto, unangoja
ule mkwaruzo,
halafu unasukuma.
Sisi wanne tulijifunza hilo kabla ya kusoma.
Wageni hawakulijua. Mjomba Elkana
alilala sebuleni wiki nzima
akidhani amenyimwa chumba.

Mama akaketi kitandani kunisimamia.
"Usikwaruze rangi."
Rangi gani? Bisibisi ilipotafuta kichwa cha skrubu
zikatoka zote kwa zamu: krimu,
kisha bluu ya Krismasi ya mwaka aliozaliwa Akumu,
chini yake kijani cha halmashauri,
na chini kabisa mbao, nyekundu kama nyama,
bado inanukia.

Kishikio kikanibaki mkononi.
Shaba, kumbe. Miaka yote nilidhani ni chuma.
Shingoni, mahali pa skrubu ndogo,
palikuwa na msumari uliokunjwa.
"Huo ni wa baba yako," Mama akasema.
"Aliutia jioni moja akikimbilia zamu ya usiku.
Alisema ni wa muda tu, ataleta skrubu Jumapili."
Hakusema Jumapili ipi.

Nikafungua tumbo la kitasa.
Springi imekatika. Vumbi, nyumba ya nyigu,
njiti moja ya kiberiti.
Ulimi ulikuwa mzima,
umekaa tu ndani bila wa kuusukuma,
kama shahidi ambaye hakuitwa.

Gikomba, kijana aliyetandaza vitasa juu ya gunia
alikipima changu kwa kiganja, akanirudishia.
"Hiki hakina mwenzake. Nunua mlango."
Mwishowe akaniuzia springi ya kitasa cha kabati,
shilingi hamsini baada ya kubishana,
na skrubu akanipa bure,
nadhani kwa huruma.

Ule ufito wa pembe nne ulikuwa umelika pembe zote,
umekuwa mviringo kama kidole.
Nikakata kipande cha kopo la Kimbo,
nikauvika, nikagongagonga.
Matone matatu ya mafuta ya cherehani ya Mama.
Nikazungusha.
Tk.
Sauti ndogo namna ile
haikuwahi kusikika katika nyumba hii.

"Jaribu, Mama."
Akatoka koridoni, nikaurudisha mlango, nikangoja.
Nikasikia kiganja kikishika.
Akainua kidogo, kama kawaida,
akaegemeza bega, akazungusha kushoto,
na mlango ukamtii kabla hajamaliza kuomba.
Akaingia chumbani kwa kasi ya msichana,
ndara moja ikabaki nje.
Nikamdaka kiwiko.

Akageuka, akautazama mlango
kama mtu aliyesalimiwa kwa jina na asiyemjua.
"Umeniharibia mlango wangu," akasema,
akaenda kuweka chai.

Tulikunywa tukizungumza bei ya sukari,
na kama Mwikali alipwe kanga au asilipwe.
Nikakusanya vyombo vyangu. Bisibisi mbili, koleo,
ile springi iliyokatika.
Msumari haukuwepo sakafuni nilipouacha.
Sikuuliza.
Kopo la vifungo, kando ya cherehani,
lilikuwa limesogezwa.