Maelezo ya Kumi na Saba

Apondi ameweka kompyuta yake juu ya meza ya chama,
kati ya mhuri uliokauka wino na chupa ya gundi,
hapa Awasi, ghorofani, juu ya duka la mabati.
Chini wanakata mabati. Kila swali lake linapita katikati ya mkwaruzo.

"Baba mdogo, hiki si kitu cha kutazamwa na mtu.
Ni dirisha la mashine kwa mashine.
Wakala wa akili unde anabisha, anataja kampuni na mwaka,
anapewa vitabu: mapato, madeni, fedha zilivyoingia na kutoka,
na ukurasa ilikotoka kila tarakimu."

Nimetunza hesabu za wakulima miaka ishirini na sita.
Ninayajua madirisha.
La mhasibu wa kiwanda lina nondo,
na nyuma ya nondo karani anamenya njugu
akisema rudi Alhamisi.

Mpe Otonde, nikamwambia.
Kiwanda cha Sukari cha Otonde.

Kabla sijavaa miwani
mashine ilikuwa imebisha mara tisa.
Kwa kila shilingi inayodaiwa sasa, mkononi senti thelathini na moja.
Hasara, mwaka wa nne mfululizo.
Posho za wakurugenzi: zimepanda.
Kisha maelezo ya kumi na saba, ukurasa wa hamsini na nane,
"Wadai wa biashara na wengineo",
na tarakimu moja ndefu kama trela la miwa.

Nikaiwekea kidole.
Humu yumo Okumba Nyagilo, tani arobaini na mbili,
aliyevuna huku mvua ikimfukuza.
Yumo Trufosa, mjane, ambaye miwa yake ililala barabarani siku tisa
ikafika mzanini nyepesi kama mabua.
Yumo arap Sigilai wa kule Kipsitet, na mwanawe aliyeacha shule.
Nimo na mimi, nadhani, kwenye "wengineo".

"Iulize Okumba anadai ngapi."
Akaandika. Jibu likaja neno moja:
haikupatikana.

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.
"Neno hilo limenila wiki tatu.
Mashine hupenda kupendeza. Iulize isichokijua,
itakushonea tarakimu safi, ina vifungo, ina ukosi.
Mimi nimeifundisha kusema sina."

Nikawakumbuka wakaguzi watatu wenye suti,
niliowachemshia chai kwa mkono wangu huu,
na hakuna hata mmoja aliyelijua neno hilo.

Mwaka jana, basi?
Haikupatikana.
Mwaka juzi?
Haikupatikana.
Hesabu tulizokuwa tukisoma ni za mwaka wa tatu nyuma.
Tarehe ilikuwa pale pale, juu kulia. Mimi ndiye sikuitazama.

Na Jumatatu matrekta ya Otonde yanakuja tena,
na karatasi ya kutiwa sahihi iko hapa, chini ya gundi:
leteni miwa, mtalipwa.

Nimesikia kimya cha deni maisha yangu yote,
lakini sijawahi kukiona kimeandikwa,
kikiwa na ukurasa wake au ukosefu wa ukurasa.

Sikutia sahihi. Nilifungua kabati,
nikatoa lile debe la biskuti ambamo stakabadhi za mzani
zimeshikana kwa unyevu na harufu ya panya,
nikaanza kuzibandua kwa kisu cha mkate.
Katika vitabu kila kitu kina pande mbili.
Upande wao umeandikwa, vibaya, lakini umeandikwa.
Wetu umo debeni.

"Dirisha lako linaweza kufunguka kwa huku?"
Apondi alifikiri. "Si kwa leo. Labda."
Akavuta kiti.

Okumba Nyagilo, nikasoma. Tarehe sita, mwezi wa nne.
Tani... subiri, hapa panya ametafuna.
Niandike nini?

Alinitazama tu.
Nikaandika: haikupatikana.
Nikachukua inayofuata.