Usiku wa Nne Nukta Tano

Nimeandika kwenye daftari la mirabamraba, lile nililotoka nalo kiwandani:
nne nukta tano, volti moja nukta tatu tano, dakika kumi na moja,
ikaanguka.
Nikaongeza volti kidogo, kama mwenye mafua anayeongeza chumvi,
dakika kumi na nne,
ikaanguka.
Skrini ya buluu. Maneno meupe. Feni ikashusha pumzi,
kisha chumba kikawa kimya, na theluji ya Miskolc
ikaendelea kuligusagusa dirisha kana kwamba haijaona kitu.

Prosesa hii ina miaka kumi na miwili.
Mwanangu Gellért aliiacha alipohamia Graz,
pamoja na viatu vya mpira na deni la simu.
Boróka, binti yake, huja likizo na mchezo wake wa farasi na milima,
na farasi hukwama hewani, kwato juu,
kwa sababu mashine ya baba yake imechoka.
Babu, isukume, aliniambia.
Nami ni nani, myeyusha chuma wa Diósgyőr,
nisiyejua kusukuma?

Nilianza na moto, maana moto naujua.
Nikang'oa kipoza joto: ile dawa ya chini yake ilikuwa imekauka,
ukoko wa kijivu, kama wa sufuria iliyosahauliwa.
Nikasugua kwa spiriti, nikapaka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele.
Nyuzi tisini na moja zikashuka hadi sabini na tatu.
Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.
Dakika kumi na mbili, ikaanguka.

Nikaishuku kumbukumbu. Nikachomoa kijiti kimoja, nikaacha kimoja,
nikavihamisha kama watoto wagomvi darasani.
Ikaanguka na hiki, ikaanguka na kile.
Nikairudisha kasi yake ya awali.
Ikaanguka, ila kwa adabu zaidi: ilijizima bila maneno.

Siku tatu. Daftari likajaa neno moja.
Nikaanza kuitukana kwa lugha ya zamu ya usiku,
Boróka akiwa amelala kwenye kochi, au nilidhani amelala.
"Babu," akasema gizani, "friji hulia kwanza."
Nini?
"Friji hulia. Kisha inaanguka."

Nikakaa jikoni kwenye kigoda, saa mkononi, mzee mzima
akiisubiri friji.
Ikakoroma. Taa ya meza ikakonyeza, kidogo, kama mtu anayejua siri.
Chumbani, buluu.

Nilichomoa waya, nikangoja hadi kesho yake,
maana umeme uliobaki haupigi hodi,
ndipo nikafungua kile kisanduku kinachoilisha mashine nzima.
Kapasita nne, vichwa vimevimba kama mikate iliyozidishiwa hamira,
moja imetokwa na ute wa kahawia.
Kumbe! Nilikuwa nikimchapa farasi
na gurudumu ndilo lililovunjika.

Nilicheka, kisha sikucheka.
Mwaka themanini na tatu waliandika ubaoni: asilimia mia na kumi na tano.
Tanuri likazidishiwa, nasi tukazidishiwa,
na Lőrinc, aliyekuwa akipumua kwa mluzi tangu majani yapukutike,
akaitwa mvivu.
Walihesabu alichobeba mikononi. Hakuna aliyemsikiliza kifua.

Jumamosi nikanunua kisanduku kingine gulioni, kizito, cha mtumba.
Muuzaji aliapa kwa mamaye; nami nikakipima mwenyewe.
Nne nukta tano: saa moja, saa mbili, saa tano.
Friji ikaimba hadi ikachoka.
Boróka akataka nne nukta saba.
Kidole changu nacho kilitaka. Naujua utamu ule.

Nikashusha. Nne nukta tatu. Volti nikazipunguza pia.
Farasi wanakimbia; mmoja tu bado hukwama, yule mweupe,
na Boróka anasema huyo ni kosa la mchezo, si letu.

Daftari, mstari wa mwisho:
usiku mzima, haikuanguka.
Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto:
friji imelia mara tisa.