Kisanduku Chekundu

Umeme umerudi saa nane. Numbi anafuta kioo cha skana
kwa upindo wa kitenge, tunaanza pale tulipoachia:
daftari la kambi, mwaka wa ishirini na tisa,
kurasa zanuka panya na moshi wa tanuru.

Kwenye kompyuta kuna visanduku.
Mwandishi: mkuu wa kambi. Kinakubali.
Mada: chagua moja katika orodha iliyotungwa Ulaya,
Nguvukazi, Wenyeji, Nidhamu.
Naandika Watu. Kinageuka chekundu.

Namba 4417. Mchochea moto. Alitoroka mara mbili.
Pembeni, kwa penseli, mkono mwingine
(mkuu alitumia wino)
umeandika: Kilufya, wa Bukama, anadai mshahara wa Juni.

Penseli haitoki kwenye skani.
Tunaongeza mwanga, tunapunguza,
Numbi analaza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi
mpaka herufi zinatutumka kama vipele.

Mfadhili anataka kurasa mia mbili kwa siku.
Leo tumemaliza moja.

Nakala yenyewe italala kwenye mashine za kwao, penye baridi;
sisi tutapewa nywila, nayo ina tarehe ya kuisha.
Nimeinakili kwenye flashi. Nitashuka nayo Katuba kwa miguu,
imefungwa kwenye pindo pamoja na nauli niliyoiokoa,
kile kilima cheusi cha mavi ya shaba kikiwa mgongoni.

Mwandishi: nimemfuta mkuu. Nimeandika Kilufya.
Chekundu. Nimekiacha hivyo hivyo.

Numbi anafunga mlango, komeo linagoma kidogo.
"Na hiyo Juni," anauliza, "walimlipa?"